Nyumba haina tabia: polisi waambiwe nini kabla ya kupiga hodi

Tuchukue mfano wa kawaida. Saa 5 usiku simu inaingia kituoni: Ng'ambo, Manispaa ya Tabora, kuna watu wanapigana na mmoja wao ana silaha. Askari wa zamu aliyekaa kwenye redio anakumbuka kwamba nyumba hiyo iliwahi kuleta kesi. Anabonyeza na kusema: "Difenda, nenda Ng'ambo, nyumba ile ile ya fujo, mtuhumiwa ana silaha."

Maneno 11. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini askari wanne waliokaa nyuma ya gari wameshapewa hukumu mbili kabla hawajakanyaga chini: nyumba ni ya fujo, na anayewasubiri ni mtuhumiwa mwenye silaha. Hawakuambiwa aliyepiga simu ni nani, kama ameona au amesikia, silaha yenyewe ni nini, na hiyo fujo ya zamani ilikuwa lini na ilikuwa ya nani. Watashuka vidole vikiwa karibu na kifyatulio.

Mjadala wa polisi na matumizi ya nguvu huanzia mlangoni: askari alifanya nini, alitoa onyo au hakutoa. Naona tunachelewa. Mambo mengi huwa yameshaamuliwa dakika 10 kabla, kwenye chumba cha redio, na mtu ambaye hataiona nyumba hiyo. Kosa kubwa la chumba hicho ni kuchanganya aina mbili za taarifa. Kuna taarifa za mahali, kama mbwa, geti, kisima, uchochoro. Hizo ni za anwani. Kuna taarifa za watu, kama ugomvi, vitisho, ulevi, ugonjwa. Hizo ni za mtu fulani, siku fulani, kwa kauli ya fulani. Ukizibandika kwenye anwani, unampa sifa hizo kila atakayefungua mlango.

Kwa Tabora jambo hili si nadharia. Nyumba nyingi za Ng'ambo, Gongoni au Isevya, kama zilivyo za Ujiji kule Kigoma, ni nyumba za Kiswahili: mlango mmoja wa mbele, korido katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na uani nyuma wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba huenda anakaa chumba kimoja, au haishi hapo kabisa. Vyumba vingine vina wapangaji, kila kimoja na familia yake, na kodi ikiisha mmoja anahama anaingia mwingine. Namba ya nyumba inabaki ile ile. Sasa "nyumba ya fujo" ni chumba kipi? Kijana aliyempiga mkewe mwaka juzi alikuwa chumba cha pili kulia, na alishahamia Nzega. Chumba hicho leo kina mwalimu na watoto wawili. Askari akiingia kwenye korido lenye giza huku sentensi ile inamzunguka kichwani, mlango wa kwanza utakaofunguka ndio atakaouhesabu kuwa wa mgomvi.

Uzito wa neno moja la redioni umepimwa. Nchini Marekani mtafiti Paul Taylor aliwaweka askari 306, kutoka majeshi 18 ya polisi, kwenye mtambo wa mazoezi ya kulenga shabaha. Wote waliitwa kwenye tukio moja, la mtu anayedhaniwa kuingia mahali pasipo ruhusa. Wakiwa njiani, kundi moja liliongezewa kwamba mtu huyo anaonekana ana bunduki, la pili kwamba anaonekana anaongea na simu, la tatu halikuongezewa kitu. Walipofika, mtu yule alichomoa simu. Waliokuwa hawajaongezewa kitu, asilimia 28 walimpiga risasi. Walioambiwa habari ya simu, asilimia 6. Walioambiwa habari ya bunduki, asilimia 62. Picha ilikuwa ile ile na mkono ule ule, na askari wote walikuwa wa kazini. Kilichobadilika ni sentensi moja.

Ukubwa wa tofauti hiyo una upande ambao hausemwi sana. Sentensi sahihi ya redio iliokoa watu. Kutoka 28 kushuka hadi 6 ni kazi ya opereta aliyesema alichoambiwa bila kukikuza. Wanaodhani dawa ni opereta kunyamaza na kumwacha askari "ajionee mwenyewe" wamekosea njia. Askari asiyeambiwa kitu hujaza pengo kwa hofu yake.

Cleveland, Ohio, tarehe 22 Novemba 2014, pengo hilo liliua mtoto. Mtu alipiga 911 kueleza kwamba kuna mtu bustanini anawaelekezea watu bunduki. Katika simu hiyo hiyo alisema bunduki huenda ni ya bandia, na mwenye nayo huenda ni mtoto. Aliyepokea simu hakuyaandika maneno hayo mawili kwenye kompyuta. Opereta wa redio alikuwa mtu mwingine, akasoma kilichoandikwa. Gari la polisi lilipofika, risasi ilipigwa ndani ya sekunde 2. Tamir Rice alikuwa na miaka 12. Mwaka 2017 mpokea simu alisimamishwa kazi siku 8. Tazama jinsi kiungo kilivyokatika: neno "huenda" ndilo lililodondoka njiani. Habari inapopita mikono miwili, maneno ya shaka hutangulia kupotea kwa sababu yanaonekana hayana uzito, wakati ndiyo yaliyobeba ukweli wa mpigaji.

Kiswahili chetu kina mitego yake hapa. Neno "silaha" limebeba mengi mno. Gobole ni silaha, bastola ni silaha, upinde ni silaha, na panga nalo ni silaha. Katika mkoa huu mtu kutembea na panga au shoka jioni akitoka shamba ni jambo la kila siku. Kwa hiyo opereta asikubali neno hilo peke yake, akaulize mara tatu. Ni kitu gani? Kiko wapi sasa hivi, mkononi, kiunoni, au ndani chumbani? Umekiona wewe au umeambiwa? Maswali hayo yanachukua sekunde 15. "Ana silaha" inaweza kugeuka kuwa "ana panga, limeegemezwa ukutani jikoni, mpigaji ameliona kupitia dirishani saa 4 na dakika 50." Hiyo askari anaweza kuifanyia kazi: atasimama mbali na mlango wa jikoni, ataita kwa jina, atawatoa wengine kwanza.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila bunduki iwe na kibali, na kibali kina jina. Taarifa hiyo ni nzuri kumpa askari, mradi ielezwe ilivyo: fulani ana kibali cha bunduki. Haisemi kama bunduki iko nyumbani usiku huu, wala kama yeye ndiye anayegombana. Na magobole ya kienyeji yaliyo maporini Sikonge na Kaliua hayamo kwenye daftari lolote, hivyo "hakuna kibali kwenye nyumba hii" isitafsiriwe kuwa hakuna bunduki.

Neno jingine ni "mwizi". Simu ikisema "kuna mwizi", au mbaya zaidi "mwizi amekamatwa", opereta mzoefu anajua kwamba anayehitaji polisi haraka huenda ni huyo mwizi. Amekamatwa na nani? Yuko mikononi mwa mwenyekiti wa mtaa, amefungiwa ofisini, au yuko chini barabarani watu wamemzunguka? Kuna mtu ameleta tairi au mafuta? Tofauti ya majibu hayo ndiyo inayoamua gari liende kwa mwendo gani, liende na askari wangapi na lipite njia gani. Askari akiambiwa tu "mwizi amekamatwa Mbugani" atakwenda kuchukua mahabusu, na atakuta kundi la watu mia mbili. Inapaswa kuwa: "Kundi kubwa linampiga mtu mmoja, wanamwita mwizi, yuko chini, yuko hai dakika tano zilizopita."

Ongeza hapa walinzi wa jadi. Sungusungu walianzia maeneo haya ya Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo vikundi vya ulinzi shirikishi ndivyo vinavyotangulia kufika kwenye tukio usiku. Wana marungu, fimbo, wakati mwingine upinde. Opereta asipouliza nani wengine wako hapo, gari la polisi litakuta wanaume kumi wenye marungu gizani na kuwachukulia kuwa ndio wahalifu. Sentensi moja inatosha: "Walinzi wa mtaa wako mbele ya nyumba, wana marungu, wanaongozwa na mwenyekiti wa mtaa." Na mwenyekiti huyo naye apigiwe aambiwe polisi wanatokea upande gani, ili watu wake wasimame kwenye mwanga.

Turudi kwenye mahali penyewe, maana bila mahali hayo yote ni bure. Swali la kwanza kwa mpigaji simu ni "uko wapi?", hata kabla ya "kuna nini?". Simu ikikatika ukiwa na mahali, unaweza kutuma gari. Ukiwa na kisa bila mahali, huna kitu. Na mahali kuna vitu viwili: mpigaji yuko wapi, na tukio liko wapi. Jirani anayepiga akiwa kwenye baraza lake, au ndugu aliyepigiwa akiwa Mwanza naye akapiga 112, wote watakupa mahali pasipo pa tukio usipouliza. Mnara wa simu nao hausaidii sana huku. Mjini unaweza kukuonyesha eneo, lakini vijijini Uyui au Urambo mnara mmoja unahudumia kilometa kadhaa za pori na mashamba. Mkoa wenyewe ndio mkubwa kuliko yote nchini, zaidi ya kilometa za mraba 76,000.

Majina ya mitaa nayo yanajirudia. Majengo ipo miji mingi. Mbugani ipo Tabora, ipo na Mwanza. Anayesema "niko Mwanga" anaweza kuwa Kigoma mjini, na anaweza kuwa Kilimanjaro kwenye wilaya ya jina hilo. Mkoa, kata na mtaa viulizwe hata kama vinaonekana viko wazi.

Operesheni ya anwani za makazi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022 na kukimbizwa ili imalizike kabla ya sensa ya Agosti 23 mwaka huo, imetupa kitu ambacho hatukuwa nacho: barabara zenye majina na nyumba zenye namba, zilizoingizwa kwenye mfumo wa kitaifa wa anwani uitwao NaPA. Ni hatua kubwa, na polisi wangekuwa wa kwanza kuifaidi. Lakini anwani ina sehemu zake na kila sehemu ina kazi yake. Postikodi ya tarakimu tano, ambayo kwa Tabora huanza na 45, inakufikisha kwenye kata tu. Jina la barabara linakufikisha kwenye mstari, namba ndiyo inayokufikisha kwenye mlango. Na namba ya rangi iliyochorwa ukutani haidumu kwenye mvua za masika, vibao vya chuma huibwa vikauzwa chuma chakavu, na mwenye nyumba hupaka ukuta upya akaifuta. Kwa hiyo opereta atoe vyote viwili, namba na alama: "namba 38, ukuta wa njano, mkabala na mashine ya kusaga, mwembe mkubwa mbele." Umeme ukiwa umekatika, rangi ya njano haionekani. Mwembe utauona.

Kutaja namba redioni kuna makosa yake ya kila siku. Saba na sabini, sita na sitini, mawimbi yakikwaruza huwezi kuvitofautisha. Soma tarakimu mojamoja: "tatu, nane". Askari arudie: "tatu, nane." Asiporudia, hesabu kwamba hajasikia. "Kulia" na "kushoto" havina maana bila kusema unatokea wapi: kulia ukitokea stesheni, au ukitokea Kitete? Saa nazo ni mtego. Mpigaji anaposema "saa nne" usiku, kwenye daftari la saa 24 ni 22:00. Anayeandika 4:00 amelisogeza tukio mpaka alfajiri. Utaona ni kosa dogo mpaka siku mtu atakaposoma kumbukumbu hiyo kujua kama tukio lilikuwa la jana usiku au la leo asubuhi.

Sasa orodha ya vitu vya mahali, vinavyostahili kukaa kwenye kumbukumbu ya anwani mwaka hadi mwaka. Mbwa: wangapi, wamefungwa au wanaachiwa usiku. Ua wa minyaa: utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kumpofusha mtu kwa muda, na askari anayekatiza uani gizani ndiye anayeupata. Kisima kisicho na mfuniko, au shimo la choo kilichobomoka. Geti linafungwa kwa ndani na ufunguo uko kwa nani. Nyumba ina mlango wa uani au haina, maana ukipeleka askari wote mbele, mtu anatokea nyuma na kuingia uchochoroni. Kuna duka la mafuta ya kupimia, madumu ya petroli yamewekwa chumba cha mbele? Hapo hata moto wa kiberiti ni hatari, sembuse risasi au bomu la machozi.

Na huku kuna nyuki. Tabora ni nchi ya asali, na ingawa mizinga mingi iko porini, wapo wanaotundika karibu na makazi au wanaohifadhi makundi kwenye miti ya uani. Nyuki wa kwetu hawasubiri kuchokozwa sana. Gari lililoachwa likinguruma chini ya mti, mtikisiko na kelele vinawatosha, na usiku wakishavurugwa hufuata mwanga wa tochi. Askari anayekimbia nyuki hawezi kumlinda mtu yeyote. Opereta anayejua kwamba kiwanja hicho kina mizinga aseme: "Zimeni gari mbali, msimulike kwenye mti." Vivyo hivyo kwa mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku, kule Urambo na Kaliua. Bani likiwa kazini moto wake huwashwa usiku na mchana kwa siku kadhaa, na mpita njia mgeni huripoti nyumba inaungua. Kumbukumbu ya anwani ikisema kuna bani hapo, opereta anauliza swali moja zaidi: moshi unatoka kwenye bani au kwenye paa la nyumba? Asiache kutuma, kwa sababu mabani huungua kweli, ila aseme anachokijua. Na 114 ya Zimamoto ipigwe wakati huo huo.

Vitu hivyo havimhukumu mtu. Anayehamia anakutana na kisima kile kile. Ndiyo maana vinafaa kukaa kwenye anwani, vikikaguliwa mara moja kwa mwaka na polisi kata pamoja na mwenyekiti wa mtaa.

Taarifa za watu ni kazi nyingine kabisa. Sisemi zisitunzwe. Mwanamke akipiga simu mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, askari lazima ajue ni mara ya tatu, na ajue mara mbili za mwanzo ziliishaje: alipewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), jalada lilifika Dawati la Jinsia na Watoto, au waliambiwa wakayamalize nyumbani. Ugomvi wa aina hiyo hukua kila unaporudi, na askari anayefika kama mgeni hurudia kosa la mwenzake. Lakini taarifa hiyo iwe na jina, chumba, tarehe, namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa kituoni) na matokeo. "Ndoa ya chumba cha pili kulia, mara ya tatu, ya mwisho Machi, mume alitishia kwa panga mbele ya askari" ni taarifa. "Nyumba ya fujo" ni umbeya uliovaa sare.

Kwenye kesi hizo kuna jambo la kiufundi linaloua. Simu ikikatika, opereta kwa nia njema hupiga kuuliza. Simu inalia mkononi mwa mume, jina la kituo au sauti ya askari inasikika, na sasa anajua mke aliita polisi. Kama mpigaji alikuwa ananong'ona, au simu ilikatika ghafla, usipige. Tuma gari, na uwaambie askari: "Msiseme nani aliwaita. Semeni mmesikia kelele mkiwa doria." Mpigaji akiwa bado hewani na hawezi kuzungumza, mpe maswali ya ndiyo na hapana: yuko hapo? amelewa? kuna mtoto ndani?

Na redio si chumba cha siri. Sauti hutoka kwenye kifaa kilicho begani mwa askari aliyesimama katikati ya umati, hutoka kwenye difenda lililofunguliwa milango, husikika hadi kijiweni cha bodaboda. Kuna taarifa ambazo ni halali polisi kuzijua na ni hatari kuzitangaza. Mwaka 2007 na 2008 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa kanda ya ziwa na magharibi, na vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi ni doa la muda mrefu katika mikoa hii. Kituo kikijua kwamba nyumba fulani ina mtoto mwenye ualbino, kumbukumbu hiyo inamlinda mtoto: simu yoyote kutoka hapo ipewe uzito wa kwanza. Ila isisemwe kwa sauti redioni na kwa namba ya nyumba. Apigiwe kiongozi wa doria kwa simu ya mkononi, au itumike alama ambayo kituo kimekubaliana na kuibadilisha mara kwa mara. Hali kadhalika kwa mgonjwa wa akili, kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, na kwa shahidi aliyehamishwa makazi. Na bibi anayetuhumiwa uchawi asiingizwe kwenye daftari kama "mchawi" hata kwa alama za kunukuu. Aingizwe kama mtu aliyetishiwa maisha, na majina ya waliomtishia.

Wapo wanaosema haya yote yataisha tukipata kompyuta. Kompyuta itarahisisha kazi, lakini inaweza pia kuligandisha kosa. Fresno, California, polisi walitumia programu iliyokuwa ikizipa anwani rangi ya hatari: kijani, njano, nyekundu. Diwani mmoja aliomba mbele ya kikao apimwe yeye. Jina lake likatoka kijani, nyumba yake ikatoka njano. Ofisa wa polisi alieleza kwamba huenda ni kwa sababu ya mtu aliyewahi kuishi hapo zamani. Kwa diwani ilikuwa aibu ya dakika moja. Mpangaji wa Isevya hatakuwa na kikao cha kuulizia. Uingereza wamekwenda njia yenye nafuu kidogo: kwenye kompyuta yao ya taifa ya polisi, alama za tahadhari kama vile ukatili au silaha hufungwa kwenye jina la mtu. Tukijenga mfumo wetu juu ya NaPA, kishawishi kitakuwa kubandika kila kitu kwenye namba ya nyumba kwa sababu namba ipo tayari. Tukishinde mapema, kabla programu haijaandikwa.

Sheria zetu zinatosha kuanzia. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa ziwe sahihi, zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Imeacha nafasi kwa kazi za usalama na upelelezi, na inastahili kuwa hivyo. Nafasi hiyo lakini haifanyi taarifa ya uongo kuwa ya kweli, na taarifa ya uongo humdhuru askari kama inavyomdhuru raia. Ningependekeza taarifa yoyote ya tabia ya mtu ikome baada ya miezi 12, isipokuwa kuna kesi mahakamani au tukio jipya lenye RB yake. Mpangaji akihama, mwenyekiti wa mtaa anajua. Amwambie polisi kata, na karatasi ifuatane na mtu, isibaki na chumba.

Sehemu iliyosahaulika kuliko zote inakuja mwishoni, saa 10 alfajiri, askari wamechoka na zamu inakaribia kubadilishana. Wanarudi na kuripoti "tukio limetulizwa". Opereta anaandika hivyo, anafunga. Ile "ana silaha" ya saa 5 inabaki kwenye kitabu bila kujibiwa, na baada ya miezi miwili mwingine ataisoma na kuipeleka redioni kama jambo lililothibitika. Hivi ndivyo "nyumba ile ile ya fujo" inavyozaliwa.

Kwa hiyo kabla ya kufunga, opereta amuulize kiongozi wa doria mambo matano na aandike majibu mbele ya kila kilichosemwa mwanzo. Silaha ilikuwepo? Ilikuwa nini? Aliyetajwa alikuwepo, na anakaa chumba kipi? Namba na alama za nyumba zilikuwa sahihi? Kuna kitu cha mahali ambacho hatukukijua, mbwa, shimo, mlango wa nyuma? Kama jibu ni "hapakuwa na silaha, jirani alisikia sufuria zikigongana", iandikwe hivyo hivyo, kwa wino ule ule na kwenye mstari ule ule, kisha zamu inayoingia isomewe kwa sauti kabla inayotoka haijavua mikanda.